Bomba la Moshi la Pikapu ya Babu Yako

Mume wangu Ambakisye,

Huku Isansa tu wazima, kahawa imechanua, mama yako anakohoa kidogo tu. Macho yangu yamegoma, kwa hiyo dada yako anaandika ninavyomtamkia.

Unauliza ufunge bomba gani la moshi kwenye pikapu ya babu yako, la orijino au la kuchongesha kwa fundi. Sikiliza.

Zamani nikisikia mlio wake kilimani, nabandika maji ya ugali. Enzi za kuhamishiwa vijiji vya ujamaa bomba likapasuka, spea hakuna. Babu yako akachongesha jingine Tunduma, hakuniambia. Siku hiyohiyo nikashikwa na uchungu wa kumzaa mama yako, namsubiri anipeleke hospitali, Mbozi Misheni. Mara ngurumo nisiyoijua ikapanda kilima.

"Lori la kuhamisha watu!" mama mkwe akasema, akaniburuta kwenye mibuni.

Babu yako akafika, akaita jina langu.

"Mama, huyo ni mume wangu."

"Nyamaza! Wamemkamata, wanamtumia kukuita!"

Babu yako hakutuona, akaondoka kunitafuta misheni. Mama yako akazaliwa palepale chini ya mibuni, mzima, analia kulishinda bomba. Babu yako aliporudi nilimsema wiki nzima.

La kuchongesha halikuwa baya, lilidumu miaka. Lakini wewe nunua la orijino. Barabara siioni tena, na siku utakayopanda kilima hiki nataka maji ya ugali yawe yanachemka kabla hujafika.

Bibi yako anayekungoja