Farasi Anayeshtuka Akipandwa na Baba

Ijumaa jioni, mwezi wa saba, Iyula.

Ukungu wa leo haukuondoka mpaka saa tano, na baridi ya mwaka huu inaingia hadi kwenye meno. Nimekaa jikoni karibu na moto. Viganja vyangu ni vyekundu na vinawasha, nguo zangu zinanuka farasi, na nina furaha ambayo bado naiogopa kidogo.

Leo ndiyo siku niliyokuwa naihofia tangu wiki iliyopita. Kaka yangu Elia alisema Jumamosi atakuja na lori kutoka Tunduma amchukue farasi wa Baba, ampeleke kwa mtu wa Vwawa aliyemtaka. Akaja leo, siku moja kabla. Elia ndivyo alivyo, akisema kesho ujue ameshawasha gari.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: ndiyo, tuna farasi. Baba ana miaka sabini na minane na magoti yake yamekwisha. Shamba lake la kahawa la juu liko mlimani, bodaboda haifiki, na hata ingefika, mgongo wake haustahimili mitikisiko. Baba mdogo, yaani mdogo wake aliyefanya kazi miaka mingi kwenye shamba kubwa huko Zambia, alipostaafu alipewa farasi mzee. Akamvusha mpaka na karatasi zote za mifugo mkononi, akamleta kwa kaka yake. Bibi mmoja jirani aliuliza kama ni punda aliyelishwa vizuri.

Jina lake Mutende. Kwa Kibemba maana yake ni amani. Nilipoambiwa nilicheka, ila baadaye kicheko kiliisha.

Mimi nikimpanda, Mutende anatembea kama mtu anayekwenda kwenye kikao asichokitaka. Nimempitisha barabara ya Igamba malori yakipiga honi, nimempitisha kando ya turubai la bluu linalopepea, nimempitisha kanisani kwaya ikijaribu spika zake. Hakugeuza hata sikio. Akipanda Baba ndipo kasheshe inaanza. Wanakwenda vizuri hatua mia, mia mbili, halafu ghafla anaruka pembeni, shingo juu, macho yamemtoka. Siku nyingine wanakwenda na kurudi salama. Siku nyingine, hasa Jumapili, anaruka mara tatu kabla hata ya kufika kanisani.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Nyoka. Mifuko ya plastiki. Jirani mmoja alisema mnyama huyo anaona visivyoonekana, na kwamba tumwite mchungaji amwombee. Mimi, niliyeishi Tunduma miaka kumi na mbili nikishona nguo na kujiona nimeerevuka, nilikuwa na maelezo ya kitaalamu zaidi. Kwanza nilisema ni fimbo ya Baba, ile anayoilaza mbele yake kwenye tandiko. Nikamnyang'anya fimbo. Haikusaidia. Kisha nikasema ni koti lake jeusi. Nikamvua koti kwenye baridi hii, akaenda akitetemeka, na bado farasi akaruka.

Mwishowe nikasema ni mikono yake. Naandika hili kwa aibu. Nilisimama uani mbele ya wachuma kahawa nikamwambia baba yangu kwamba anavuta hatamu vibaya, ndiyo maana mnyama anaogopa. Baba aliitazama mikono yake kwanza mbele, halafu nyuma.

Wiki mbili zilizopita Mutende alimwangusha. Mungu alisaidia, aliangukia kwenye majani marefu, bega likavimba basi. Nilipompigia Elia simu nilitegemea atafoka. Hakufoka, na hapo nikajua ameshaamua.

"Subi, mzee akivunjika nyonga hainuki tena," alisema. "Huyo mnyama aondoke."

Alikuwa anasema kweli.

Tangu siku ile Baba alikaa kwenye benchi lake mlangoni na hakuuliza habari za kahawa. Wachuma walishuka na magunia, wakayapitisha mbele ya macho yake, naye akawa anatazama kuku. Mkulima wa kahawa asiyeuliza kahawa mwezi wa saba, unaanza kumsikiliza anavyopumua. Nilikuwa naamka usiku kwenda kusimama mlangoni pake. Mama alituacha mwaka juzi kwa njia hiyohiyo, alianza kwa kuacha kuuliza.

Jumanne hii ndipo nikagundua.

Nilikuwa nampeleka Mutende kunywa maji, simpandi, namvuta kwa kamba tu. Baba yuko kwenye benchi. Mama Neema wa nyumba ya pili alikuwa anapita na mama mkwe wake, wakaacha njia kuja kumsalimia. Wakachuchumaa, wakakunja viganja, wakaanza kupiga makofi ya salamu kama inavyofanyika kwetu, taratibu, huku wanauliza ameamkaje. Mutende akaruka nyuma kwa nguvu hadi kamba ikanichuna viganja, akanikanyaga mguu, akasimama anatweta. Mgongoni hakuwa na mtu. Hatamu hazikuwa mkononi mwa mtu yeyote.

Nilisimama na mguu wangu unaouma nikiwaangalia wale wanawake wawili.

Niliwasubiri waondoke. Nikamfunga Mutende nyuma ya jiko, nikasogea hatua chache, nikapiga makofi mawili. Akaruka mpaka kigingi kikang'oka.

Makofi! Mwaka mzima, makofi! Watu walikuwa wanamheshimu Baba. Na alipokuwa juu ya farasi walimheshimu zaidi, wanatoka njiani kabisa, wanazama kwenye majani, na kutoka huko kwenye majani inasikika pa, pa, pa. Siku alizokutana na vijana tu, wale wanaosema "Shikamoo mzee" huku wanapita, hakukuwa na tatizo. Jumapili, njia imejaa wazee na wakwe, ndipo balaa. Na mimi nikimpanda hakuna kilichotokea kwa sababu hakuna anayenipigia makofi mimi, kitinda mimba asiye na mume wala cheo.

Nikampigia Baba mdogo simu. Akasema, "Awe, hapana mwanangu, nimewakosea. Kule shambani Zambia walikuwa wanamfukuza kwenye mahindi. Makofi kwanza, halafu mawe. Mzee wa kupigiwa makofi hakumpanda hata mmoja, nani angejua?"

Lakini mimi ningejua. Hilo ndilo linaloniuma. Tangu nirudi nyumbani sijawahi kumchuchumalia baba yangu hata mara moja. Asubuhi natupa "Shikamoo Baba" huku napita na ndoo, simu iko begani. Ningekuwa namsalimia kama nilivyolelewa, Mutende angenishtukia siku ya kwanza pale uani na Baba asingeanguka.

Nilimweleza Baba kila kitu, pamoja na kumwomba radhi kwa yale ya hatamu. Kisha nikampa suluhisho langu, nikiwa najisikia mjanja: tumwombe mchungaji atangaze Jumapili kwamba Baba akiwa juu ya farasi watu wasimpigie makofi.

"Kwa hiyo nipite kwa watu kama lori?" aliuliza.

Hakuwa ananitania. Kwake, mtu anayepita bila kusalimiwa na kuitikia ni kama hakupita. Basi ikabaki njia moja, kumfundisha farasi, na tulikuwa na siku tatu.

Jumanne hiyohiyo jioni nilianza. Kofi moja kwa mbali, kisha pumba za mahindi kiganjani. Kofi moja, pumba. Jumatano asubuhi nilikuwa nimesogea kidogo na nikaingiwa na tamaa. Nikajiambia siku ni chache, nikasimama karibu naye nikapiga kwa nguvu ili azoee haraka. Alivunja fito mbili za zizi. Nami, badala ya kutulia, nilimchapa na kamba. Mara moja tu, lakini nilimchapa. Makofi kwanza halafu kipigo, yaleyale aliyoyakimbia. Niliketi kwenye majani yenye umande nikalia kwa hasira yangu mwenyewe.

Baba alikuwa ameona. Alikuja kwa fimbo yake, hatua moja moja, akavuta gogo akakaa kwenye lango la zizi.

"Mama, wewe unapiga kama unafukuza ndege," alisema. "Hiyo siyo salamu. Leta mikono."

Akaishika mikono yangu, akaikunja viganja mpaka katikati pakawa na shimo. Polepole, akasema, sauti itoke tumboni mwa kiganja, siyo kwenye vidole. Halafu akamgeukia Mutende, akamsalimia yeye mwenyewe kwa Kinyiha, lugha yetu, kwa makofi mazito ya chini, akimuuliza amelalaje, kwao hawajambo, mvua ya Zambia vipi. Mzee wa kanisa anampigia farasi makofi! Mama Neema aliyekuwa anapita alicheka hadi akashika tumbo. Baba aliendelea bila kugeuka. Mutende aliinua sikio moja, kisha la pili. Alitetemeka ngozi ya begani, lakini hakukimbia.

Tumeshinda hapo Jumatano na Alhamisi yote, tukipokezana. Tumekula palepale langoni. Jana mchana Baba aliniuliza, kwa mara ya kwanza tangu aanguke, kama wachuma wamemaliza mistari ya juu. Nilijibu huku nimegeuka upande mwingine asinione uso.

Leo asubuhi, ukungu ulipopungua, akasema anapanda. Nilikataa. Akapanda. Mimi nilishika kamba, tukaenda mpaka kwa Mama Neema, ambaye tulikuwa tumemwomba atusalimie kawaida. Alichuchumaa, akapiga. Mutende alisimama ghafla, miguu ikakakamaa, nikahisi kamba inasisimka mkononi mwangu. Kisha akashusha shingo. Tukarudia kwa mama mkwe wake. Akasogea nusu hatua pembeni, basi.

Tulikuwa tunarudi ndipo tukaona lori la Elia limeegeshwa njia panda na yeye anakuja kwa miguu, viatu vyake vya mjini vimejaa tope, uso wake tayari una maneno.

"Mzee, shuka," alisema. "Subi, mshike huyo mnyama, mzee ashuke."

Baba hakushuka.

"Nisalimie kwanza," alisema.

Elia akasema shikamoo. Baba akamtazama kutoka juu, anangoja. Nilielewa anachotaka na nikaogopa, maana Elia hakuwa amezoea kusalimia kama Mama Neema, na mikono yake ni mikubwa. Nilimweleza kwa maneno machache. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"Mnataka nimshtue makusudi?"

"Nataka unisalimie," alisema Baba. "Watu wote wa hapa wananisalimia."

Elia alivuta suruali yake magotini akachuchumaa kwenye tope. Nilishika kamba kwa mikono miwili. Akapiga makofi, na alipiga vibaya, juu mno, haraka mno, makofi ya mtu aliyesahau. Mutende akatupa kichwa juu. Akainua mguu wa mbele, nikafumba macho. Niliposikia ukwato unarudi chini, ulirudi palepale.

Ndipo Baba akaitikia salamu. Na aliitikia yote! Akamuuliza mkewe hajambo, akauliza watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza biashara, akauliza foleni ya malori mpakani, akauliza afya ya mkwe wake. Elia muda wote yuko chini, anapiga na kujibu, magoti yanamuuma naona, na kadiri salamu zilivyoendelea ndivyo makofi yake yalivyoshuka na kuwa mazito, mpaka yakafanana na ya Baba. Mutende alianza kula majani ya kando ya njia.

Elia aliposimama macho yake yalikuwa na maji. Alisema ni baridi.

Hakumchukua farasi. Amesema anaachwa mpaka mavuno yaishe, na kwamba nisithubutu kuachia kamba. Sitathubutu. Sijidanganyi kwamba Mutende amepona. Jumapili njia itajaa watu, na watu kumi wanaopiga pamoja siyo mtu mmoja, kwa hiyo tutaanza kwa kwenda mapema kabla wengi hawajatoka. Lakini Baba ameshapanga safari ya shamba la juu, na jioni hii amenigombeza kwa sababu kahawa iliyoanikwa haikugeuzwa kwa wakati. Amenigombeza vizuri sana. Sijawahi kufurahia kugombezwa namna hii.

Sasa amelala, nasikia anakoroma. Kesho nikimpelekea chai nitaweka kikombe chini, nitachuchumaa mlangoni pake, nitakunja viganja kama alivyonionyesha, nitamsalimia. Farasi atakuwa zizini, hatasikia.