Siku Wageni Walipouliza Nani Alilivunja Daraja

Nyumba za Maafisa,
Kambi ya Wahandisi.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako. Hujambo huko kwenye baridi? Shemeji na mgongo wake anaendeleaje? Na wapwa zangu, bado wanarefuka bila ruhusa? Sisi ni wazima. Mama anakula vizuri, anagombana na redio kama kawaida yake.

Nina habari ambayo sikutaka uisikie kwenye simu. Kaa chini kwanza.

Wiki iliyopita nilipewa kazi ya kuwatembeza maafisa wa majeshi ya kigeni. Nchi zao zimetoka vitani juzijuzi, wakaja kuona tulivyojenga upya. Nilinyoosha sare mpaka mke wangu akasema nikikaa nitakatika katikati. Siku ya kwanza, shule na zahanati, mambo yalikwenda murua.

Siku ya pili tukaenda karakana ya kuchomelea vyuma, kando ya mto, ambako waliokuwa waasi na waliokuwa askari wanafanya kazi pamoja. Wifi yako, mjane wa kaka yetu, anapaka rangi mageti pale. Msimamizi wake tunamwita Spana, mtu wa mzaha, aliyempa kazi wakati hakuna aliyemtaka. Wote tulijua alipigana upande wa pili. Wapi hasa, hakuna aliyemuuliza.

Aliyeuliza ni kanali mmoja mgeni, mwanamke wa makamo. Alilionyesha daraja jipya dirishani, akasema kupitia mkalimani, "La zamani lilivunjwa na nani?" Nikafungua kinywa nitoe jibu la kwenye hotuba. Spana akanitangulia.

"Mimi. Tuliambiwa yanakuja malori ya jeshi. Yalipofika katikati nikaona ni raia, wengine wamebeba watoto. Nikalipua hivyo hivyo."

Ndiyo yale malori yaliyokuwa yanauhamisha mtaa wetu, Dada. Yale aliyopanda kaka, ambaye hata maiti yake hatukuiona.

Mkalimani alikuwa bado anatafsiri wifi yako alipoweka brashi chini na kuokota nondo. Pigo la kwanza lilimpata Spana usoni, nikasikia mfupa ukivunjika. La pili lilivunja mkono aliouinua kujikinga. Akaanguka kati ya mageti, na wifi yako akaendelea kumpiga, hapigi kelele, halii, anahema tu. Damu ilirukia suruali ya kanali. Askari wangu wakakoki bunduki, wakamlenga wifi yako. Wenzake Spana nao wakashika nyundo, wakaanza kutusogelea. Mmoja akarusha yake, ikampasua askari paji la uso.

Sijui nilifikaje pale kati. Nilimkumbatia wifi yako kwa nyuma, nondo ikanipata gotini. "Silaha chini!" nikafoka. "Atakayefyatua nitamfunga kwa mkono wangu!"

Spana, mdomo umejaa damu na meno, akawaambia watu wake, "Rudini nyuma. Mwacheni mama wa watu."

Wakarudi, mmoja mmoja, huku wanatutukana.

Mkuu wangu alitaka wageni wapelekwe hotelini wakatazame filamu. Kanali alikuwa amepiga magoti, anamfunga Spana mkono kwa skafu yake. Akakataa. "Kwetu wapo kama huyu, na wapo kama yule mama," akasema. "Mnafanya nini sasa?" Nikamshika Spana miguuni, tukampakia garini kwenda hospitali.

Kesho yake wifi yako akaenda hospitali. Nilimfuata roho mkononi. Spana amepoteza jicho, taya limefungwa kwa waya, na amekataa kumshtaki. Wifi yako hakuomba radhi, wala hakumsamehe. Alimuuliza neno moja tu: "Mliwazika wapi?" Spana akamchorea kwa kidole juu ya shuka: ng'ambo ya mto, nyuma ya tanuri la matofali.

Tumechimba. Wageni walivua makoti, wakachimba nasi. Watu ni wengi, Dada, wamelaliana, na wengine ni wafupi mno. Kaka tumemtambua kwa kile chuma alichowekewa pajani alipoanguka kutoka juu ya paa. Wifi yako alikifuta udongo kwa gauni lake, akakaa nacho mpaka jua likazama.

Mama tumemwambia. Aliuliza tu utafika lini. Hatuziki bila wewe.

Jambo la mwisho. Spana ameomba kuja mazishini. Wifi yako anasema wewe ndiye mkubwa wetu sasa, useme wewe. Njoo na jibu.

Msalimie Shemeji na wapwa zangu. Mama, mke wangu na wifi yako wanakusalimu. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukungoja,
Kitinda Mimba