Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Kwako Mama Akinyi, mke wangu,

Kutoka huku Litein, kwenye baridi inayoingia mpaka ndani ya soksi, nakusalimu wewe na nyumba nzima. Mama anaendeleaje na lile goti? Akinyi na mdogo wake wameacha kupigania blanketi? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwa ndicho sina hakika nacho. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe huweka sauti kubwa ili Mama naye asikie, na haya ya leo yanakuhusu wewe kwanza. Barua namkabidhi mwenzangu wa kiwandani anayekuja huko likizo.

Unajua nakaa kwa Bwana Koech, miaka miwili sasa inaelekea kuisha, katika kile chumba kimoja nyuma ya zizi. Yeye ni mkulima, ana majani chai kidogo na ng'ombe watatu. Mama yake, bibi mzee wa macho makali, anakaa hapo hapo bomani na watu wote wanamwita Gogo. Kando ya jiko lake kuna nyumba ya vyumba viwili iliyofungwa tangu mwanawe mwingine ahamie Bomet. Ndiyo ile niliyokueleza kwamba tukiipata, wewe na watoto mtakuja tuishi pamoja, na ndiyo ile niliyokuambia kila ulipouliza kwamba wenyewe hawajakubali.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Wiki mbili zilizopita ng'ombe wao alizaa, maziwa yakawa mengi, na Gogo akanitumia kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kuganda. Nilishangaa. Miaka hii yote mimi na Gogo tulikuwa watu wa salamu tu. Kila asubuhi nikienda kazini nilivua kofia, nikasema "Chamgei, Gogo," akaitikia, nikapita. Sikuwahi kuchelewa na kodi, sikuwahi kuwasha redio kwa sauti, sikuwahi kumwaga maji mlangoni pake. Unanijua. Mimi ni mtu wa kunyoosha shati hata la kwendea kuoga. Na kwa adabu hizo zote, hata siku moja sikupewa kiti nikaketi.

Nikayanywa yale maziwa mpaka tone la mwisho. Matamu kweli. Lakini nikaona yana vumbi jeusi, na nilipochungulia ndani ya kibuyu, lo! Kulikuwa kweusi kama sufuria ya kupikia matanga. Nikamwonea huruma bibi wa watu. Nikasema macho yamechoka, haoni tena uchafu, na wajukuu wake hapo bomani hawamsaidii. Tena nikajiambia, Odhiambo, hapa ndipo utaonekana mtu. Kwetu chombo cha watu hakirudi kichafu.

Basi Jumapili nilipotoka kanisani nikafanya kazi, Mama Akinyi, kazi! Maji moto, sabuni ya unga, mchanga, vijiwe vidogo vya barabarani. Nikatikisa mpaka mabega yakauma. Maji ya kwanza yalitoka kama wino. Ya nane yakatoka safi. Nikakianika juani mpaka jioni, nikavaa koti, nikampelekea kwa mikono miwili.

Gogo akakipokea, akachungulia, akanusa.

"Wewe, Odhiambo, hii umeosha na nini?"

"Na sabuni, Gogo. Na mchanga. Ilikuwa nyeusi sana ndani."

"Nyeusi."

"Nyeusi kabisa! Lakini sasa angalia, inang'aa."

Kisha akajifunika mdomo na leso, akaingia jikoni, akafunga mlango. Nikasikia sauti huko ndani, kama mtu anayelia kwa kwikwi. Bwana Koech akatoka zizini na ndoo, akauliza kuna nini, nikamweleza. Akaweka ndoo chini.

"Weh! Bwana, hiyo nyeusi ndiyo dawa yenyewe! Tunachoma mti ya senetwet, tunasugua mkaa yake huko ndani. Bila hiyo si mursik, ni maziwa imeharibika tu. Na hiyo kibuyu mathe alipewa na mamake siku ya kuolewa. Sasa wewe umechukua kazi ya miaka hamsini umeosha na sabuni!"

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani na koti langu. Sikula. Nilijua ile nyumba imekwenda, na kwamba nimekufungia mlango kwa mikono yangu miwili. Nikaanza hata kukunja nguo niziweke kwenye mkoba, nikiwaza nitahamia wapi kabla hawajanifukuza.

Lakini hakuna aliyenifukuza, na hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Asubuhi nilipopita karibu na kituo cha kununulia majani, akina mama walikuwa kwenye foleni na vikapu vyao. Miaka miwili wamekuwa wakiniona nikipita na hawajui jina langu. Siku hiyo mmoja akapaza sauti: "Bwana Sabuni! Si ukuje unioshee hii kikapu, ni chafu!" Wakaangua kicheko wote. Kiwandani, pale tunapolaza majani yanyauke kabla ya kusagwa, nikakuta kipande cha sabuni ndani ya kiatu changu cha mpira, gambuti. Nilikasirika, nakuambia kweli. Niliapa kutosalimia mtu. Lakini saa ya chakula yule askari wa getini, ambaye kwangu hana neno ila "pita," akasogea kwenye benchi akasema, "Kaa hapa, Bwana Sabuni, leo kuna maharagwe." Nikakaa. Tukala. Akaniambia habari za watoto wake. Mimi nikabaki nikijiuliza, hawa watu wananicheka ama wananipenda? Mpaka leo sijapata jibu.

Jumamosi Gogo akaniita. Nikaenda na kuku niliyemnunua kuombea msamaha. Alimtazama yule kuku, akanitazama na mimi, akacheka tena, na ndipo nikaitambua ile sauti ya jikoni. Kumbe hakuwa akilia! Mwanamke yule alikuwa amejifungia acheke mpaka amalize, asinivunjie heshima.

Akanisogezea kigoda.

"Keti. Umetoa nyeusi, utarudisha nyeusi."

Akanipa kijiti chenye moto, nikitie ndani ya kibuyu nisugue pande zote. Moshi ukaniingia machoni, kidole gumba kikaungua, nikakohoa mpaka mate yakanitoka. Kila nikijifuta uso nilijipaka masizi zaidi, na bibi yule anajipiga mapaja kwa kicheko. Mwishowe nami nikacheka. Hivi mara ya mwisho ulinisikia nikicheka mpaka mbavu ziume ni lini? Mimi sikumbuki.

Alipotulia akaniambia jambo.

"Kitambo, huko kwa shamba ya kampuni, nilikuwa na jirani. Mama wa kwenu, wa huko ziwa. Alikuwa mzuri. Akaniletea samaki hizi ndogo ndogo, omena. Mimi sijawahi kuona. Nikafikiria ni chakula ya kuku. Nikapatia kuku. Kesho akaniuliza, zilikuwa tamu? Ningesema nini? Nikasema tamu sana. Akaniletea ingine. Miaka tatu, Odhiambo! Miaka tatu nalisha kuku na namwambia asante."

Nikacheka. Yeye safari hii hakucheka.

"Halafu mzee wake akahamishwa kazi, wakaenda. Alinishika mkono akalia. Mimi najiuliza, analilia nani? Huyo rafiki yake anakula omena, mimi sijawahi kuwa yeye. Tuliheshimiana tu. Wewe angalau umeleta ujinga yako mpaka kwa mlango yangu."

Kisha, kana kwamba tunaendelea na mazungumzo yale yale, akauliza, "Na bibi yako, mbona hajawahi kukuja?"

Nikasema ni shida ya nyumba.

"Nyumba gani? Si hiyo iko hapo, imejaa panya? Umewahi kuuliza?"

Mama Akinyi, nilizidi kusugua kile kibuyu. Kijiti kilinizimikia mkononi. Akaingia ndani akatoka na ufunguo, akanitupia mapajani. "Mwambie akuje. Na akuje na omena. Saa hii nitakula mwenyewe, na ikinishinda nitamwambia imenishinda."

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, lakini hawakusema kwamba kosa moja laweza kumpa mtu nyumba. Sielewi. Miaka miwili ya adabu haikuniletea hata kigoda, na Jumapili moja ya ujinga imeniletea ufunguo. Sasa nifanyeje, niwe nakosea kila mwezi? Hata Bwana Koech nilimuuliza, akaniambia niache kufikiri, nikamshikie ndama kamba.

Lakini kuna moja ninalolielewa, na kwa ajili yake nimechana barua mbili kabla ya hii. Hakuna mtu aliyewahi kutunyima hii nyumba. Sikuwahi kuuliza. Nilikudanganya mwaka mzima na zaidi. Huko nyumbani wewe na Mama mnaniona mtu mkubwa, mtu wa kiwandani anayeheshimiwa na wenyeji, na ni mimi niliyewaambia hivyo. Niliogopa uje ukae siku tatu tu, uone kwamba mume wako hapa hana hata mtu wa kumwazima chumvi. Nilikukosa kila siku, na bado niliona afadhali nikukose kuliko unione hivyo. Nisamehe. Nimeona haya sana kuyaandika haya, lakini sitaki siku moja ulie kwa ajili ya Odhiambo ambaye hajawahi kuwepo.

Nyumba nimeshaifagia. Panya wawili bado wanabisha. Njoo na watoto shule zikifungwa, kama bado unataka kuja.

Nisalimie Mama, umwambie goti alikande kwa maji ya uvuguvugu. Msalimie kaka yangu mkubwa na shemeji yako mwalimu, na yule jirani anayetulindia mbuzi. Akinyi mwambie baba anamtaka aje kuona ndama ambaye hajapewa jina.

Wewe, ukimaliza kusoma, cheka kwanza. Hasira utanionyesha ukifika.

Ni mimi mume wako,
Odhiambo, ambaye huku anaitwa Bwana Sabuni