Udongo Mweupe wa Chemchemi Yetu

Kiprotich, mjukuu wangu,

Mvua mbili zimepita na mlangoni kwangu hujatokea. Unazunguka Ukambani ukitafutia watu maji chini ya ardhi, na kogo wako, nyanya aliyekulea, unamtumia salamu kwa midomo ya wapita njia. Umefanya vibaya. Maneno ni yangu. Karani wa shamba la chai ndiye anaandika, na nimemkataza kuyalainisha.

Unakumbuka nilivyokutuma maji ukachelewa? Nilikufuata na fimbo, nikakukuta umelala kifudifudi, mkono umezama chemchemini hadi begani. Ukasema, "Kogo, chini kuna udongo mweupe, mgumu kama chungu. Ndio umebeba maji." Nikasema, "Na mgongo wako utabeba fimbo." Lakini sikukuchapa. Siku hiyo nilijua wewe si mtu wa ng'ombe.

Ulipokuja mara ya mwisho, umeshakuwa mtu wa kushusha kamba visimani na kupima, ulituambia: "Mkisafisha chemchemi, toeni matope tu. Huo mweupe msiuguse." Nilisikia. Siwezi kusema sikusikia.

Kiangazi hiki maji yalipungua. Wanawake tukashuka kusafisha kama kila mwaka, kila nyumba mtu mmoja. Mkubwa wa wote ni mimi. Nikaona tukichimba zaidi yatakaa mengi. Jirani yetu Tabsabei akauliza, "Kogo, mjukuu wako si alikataza?" Nikamjibu, "Huyo kuteka maji nilimfunza mimi." Nikashika jembe mwenyewe.

Jembe likapiga kigumu, halafu likapita. Maji yakazunguka pale, yakashuka. Jua lilipofika utosini palikuwa tope tu.

Sasa wanateka mtoni, mbali, chini ya shamba la chai. Hakuna aliyenitukana. Wananiletea mtungi, wananiamkia, wanaenda. Sijalia. Nakaa tu, mikono iko hapa kama ya mtu mwingine. Nikionja maziwa ya kibuyu niliyokuwekea, sijui kama yameiva ama yameharibika.

Nina hamu ya kukuona, mtoto.

Ukija, usianzie kwangu. Shuka chemchemini na vyombo vyako, waite wanawake wote, useme mbele yao kama maji yatarudi ama hayatarudi. Usinifiche kwa sababu nilikulea. Ukimaliza ndio upande huku, uonje hayo maziwa uniambie.

Ni mimi,
kogo wako.