Laptop Niliyoipima kwa Mukono

Goma, Keshero
Tarehe 8 Septemba 2024

Mpendwa mudogo yangu Viateur,

Nakusalimu sana katika jina la Bwana wetu. Habari za huko Kampala? Aurélie muke wako anaendeleaje na ule mugongo wake? Na wewe, kikohozi kiliisha, ao bado unavuta vumbi la kompyuta za watu unazotengeneza? Sisi huku tunapumua. Umeme unakuja na kukimbia kama kawaida yake. Munezero, mutoto wangu mudogo, ni muzima, amemaliza mwaka wa shule na soixante-douze, sabini na mbili kwa mia, shangilia kidogo. Mimi pia ni muzima, ukiniangalia kwa macho tu.

Barua hii nimeiweka mikononi mwa Mama Asha, yule jirani yangu anayefuata vitenge huko kwenu. Usishangae kwamba simu ipo na yaya yako, dada yako mukubwa, anaandika kwa kalamu ya bic. Kwa simu ningeanza kulia, ungeniambia basi yaya, nyamaza, na mimi ningenyamaza. Nimenyamaza miezi saba. Imetosha.

Umeniuliza mara tatu utume laptop gani kwa Munezero, na mara tatu nimekuzungusha. Ukafikiri nimekukasirikia. Hapana, Viateur. Nilikuwa naona haya.

Kumbuka ulipotutumia pesa ya laptop ya Tuyisenge wangu, kaka yake Munezero, Mungu amuweke pema. Ulimuandikia kwa simu maneno ya karatasi nzima, akayanakili kwa mukono wake: karti ya grafiki inayojitegemea, yenye memori yake yenyewe, prosesa ya nguvu, si ile ya kubembeleza betri, RAM ya giga kumi na sita, feni mbili. Aliishika karatasi ile njia yote mpaka kwa maduka ya Birere.

Lakini unanijua. Tulipokimbia vita Kibumba niliacha cherehani ya mama yetu kwa sababu ilikuwa nzito, na tuliporudi hatukukuta hata meza yake. Toka siku hiyo kila kitu kinachotaka kuingia nyumbani mwangu nakiinua kwanza. Sufuria, godoro, redio. Kama siwezi kukimbia nacho, hakiingii. Na volkeno ilipotutoa mbio mpaka Sake, si ulinisifu wewe mwenyewe kwamba nyumba yangu yote ilienea kwa kikapu kimoja?

Basi muuzaji akatutolea moja nyeusi, nene, na chaja yake kama tofali. Tuyisenge akaiwasha, herufi zikatoa mwanga wa rangi rangi, akacheka kama siku ya Noeli. Mimi nikaichukua, nikaitia ndani ya kikapu, nikatupia kitenge juu, nikatembea nayo kutoka mlango mpaka ukuta, mara tatu. Muuzaji akashika tumbo kwa kicheko. Mama, laptop hainunuliwi kwa kilo kama maharagi! Nikamujibu: wewe hujakimbia bado.

Nikachagua nyembamba, nyepesi kama sahani. Tuyisenge akaniangalia, akaikunja karatasi yako mara nne, akaitia mufukoni. Akaniambia: mama, hii pia ni nzuri.

Jioni ile ulipopiga simu nilikuambia mutoto amechagua mwenyewe, kwamba michezo haimusumbui sana. Nilidanganya, Viateur. Alikuwa ameketi karibu yangu anachambua mboga za lengalenga, akasikia kila neno, na hakunikana mbele yako.

Ule muchezo wa mpira mliopatana kucheza, yeye Goma na wewe Kampala, mashine ile haikuuweza. Wachezaji walisimama tu, kama watu waliokwama kwa matope. Ilichemka mpaka akawa anaiweka juu ya mufuniko wa sufuria ipoe. Nilimuona kwa macho yangu. Nikasema moyoni, vizuri, sasa atasoma.

Ndiyo sababu alianza kwenda Birere kila Jumamosi, kwa Fiston, yule kijana mwenye chumba cha michezo. Siku zote alizokufunga mabao, na alikufunga mengi, usibishe, alikuwa kwa mashine ya Fiston. Hakukuambia, ili mimi nisionekane mubaya.

Jumamosi ile ya mwezi wa pili alikuwa anatoka huko, amepanda pikipiki nyuma ya motari, lori la mchanga likakosa breki kwenye muteremko. Mengine unayajua. Mimi nilijiandaa kwa vita, nikajiandaa kwa volkeno. Sikujiandaa kwa lori la mchanga, saa kumi za mchana, jua linawaka.

Kwa matanga uliuliza kwa simu, watu wote wakisikia: mutoto alikuwa na mashine nyumbani, alienda kutafuta nini kule? Halafu ukasema Fiston na michezo yake ndiye aliyetumezea mutoto. Mimi mwenye jibu nikainamisha kichwa. Na Fiston alipokuja na mufuko wa sukari, nilimufungia mulango. Alisimama kwa mvua muda murefu, kisha akauacha mufuko juu ya jiwe akaenda zake.

Sasa umejua. Aliyemutuma Birere ni mimi. Ukitaka kunikasirikia una haki, sitajitetea.

Juma lililopita nilienda kumuomba Fiston radhi. Alinipa kiti. Akanionyesha mashine ya kona aliyopenda Tuyisenge. Kumbe vijana wa pale walikuwa wananicheka, mama wa kupima laptop kwa kikapu, na Tuyisenge alikuwa anawakatiza: mama yangu alinibeba kutoka Kibumba mpaka Goma, mumuache apime anachotaka. Aï, Viateur! Nililia pale mbele ya watoto wa watu, bila haya.

Siku ile ya Kibumba alikuwa na miaka minne, mutoto munene, unamukumbuka. Alikuwa muzito kuliko ile cherehani. Na katika njia ile yote sikumbuki hata hatua moja niliyoona amenilemea.

Laptop yake ipo ndani ya kabati, haina hata mukwaruzo. Nilitaka kitu nitakachoweza kuokoa. Nimekiokoa.

Basi jibu lako ni hili. Ya Munezero muchague wewe na yeye, mimi sitatia mukono. Iwe nene, na karti yake, na feni zake, na tofali lake la chaja. Mucheze, yeye hapa nyumbani na wewe huko Kampala, nisikie kelele zenu nikiwa jikoni.

Shangazi Mukabalisa anakusalimu, anauliza lini utakuja. Unisalimie Aurélie na watoto wote. Na Fiston, ukiweza, mupigie simu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Muambie neno moja tu zuri, analisubiri toka wakati wa matanga.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akulinde kwa barabara. Na usiulize ina kilo ngapi. Siku tukikimbia tena, nitaibeba mimi.

Ni mimi yaya yako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Dancille