Somo la Kumi na Tisa

Jumatatu, 19 Novemba 1979

Niwie radhi, shajara. Tangu Agosti sijakufungua. Wino wote umekwenda kwenye kitabu changu cha Kiingereza cha mafundi. Masomo arobaini, kwa mpangilio, nimeyashona mwenyewe kwa uzi. Nakala ni hii moja.

Mvua imenyesha, darasa tupu — wamekwenda kupanda. Kati ya wanafunzi ishirini na wawili, watano tu ndio waliosoma somo la kwanza. Mutunga, mwalimu wa uashi, akanicheka: "Mzee, hiyo kitabu yako ni kama gari la moshi. Ukikosa stesheni ya kwanza, umeachwa!"

Hiyo kitabu! Nikamsahihisha: kitabu hicho.

Jumatano, 21 Novemba

Somo la kumi na tisa limechanwa! Vipimo vya saruji, mchanga na kokoto. Uzi unaning'inia. Kanuni ya chuo chetu cha ufundi niliiandika mimi: anayeharibu kitabu afukuzwe. Kamati inakutana Jumamosi.

Alhamisi, 22 Novemba

Nimeliona. Limepigiliwa msumari kwenye mlango wa karakana ya uashi, limetapakaa saruji. Ndululu — mwanafunzi wangu, baba wa watoto watatu, karudi juzi kutoka shambani kwake Zombe — alikuwa akilisoma kwa sauti, wenzake wakipima mchanga kwa karai. Na alisoma sawasawa! Masomo kumi na manane ya mwanzo hajayaona hata moja.

Aliponiona akavua kofia. "Ni mimi, Mwalimu. Mtihani wa fundi ni wiki ijayo, nilitaka hiyo moja tu."

Heri angekana. Akifukuzwa, hafanyi mtihani.

Nikamweleza Mbula, mwalimu wa ushonaji. Anataka nikate kitabu chote, kila somo lijitegemee, mtu achukue analolihitaji. "Kwani nikikata kitambaa, Mwalimu, nimekiharibu?"

Miezi mitatu ya kazi!

Ijumaa, 23 Novemba

Katibu wa kamati amepita. "Je, kuna jambo la nidhamu?" Nikasema atapata jibu asubuhi. Mimi, ambaye sijawahi kuchelewesha jibu!

Nikinyamaza, nimevunja kanuni yangu mwenyewe. Nikisema, ninamfukuza mtu wa kwanza kukitaka kitabu changu bila kulazimishwa.

Mkasi wa Mbula uko mezani. Sikumbuki kuuomba. Nikikikata kitabu chote, nani atasema Ndululu alikiharibu? Somo la ishirini ni la kupiga plasta. Nimelegeza uzi wake, kuangalia tu.

Nitaandika nikishaamua.