Kilo Moja ya Gunia

Baba, shikamoo.

Najua huwezi kuitikia, lakini nikianza bila shikamoo ungejifanya hujasikia kabisa, nakujua. Alhamisi alfajiri napanda basi kwenda Dar es Salaam, na Ijumaa napanda ndege kwenda Ujerumani. Nimepata kazi katika nyumba ya kutunza wazee. Ile lugha uliyosema inasikika kama mtu anayegombana na ng'ombe, nimeifaulu. Uliniahidi kwamba siku nikifaulu utanifungia begi wewe mwenyewe. Halafu ukafa kabla ya siku hiyo, sasa ni miezi saba, Baba, na hilo bado nina hasira nalo.

Basi nimefunga mwenyewe. Vibaya, kama ulivyotabiri. Wenzangu wa bweni walifungiwa tranka na mama zao. Mimi nilifungiwa na wewe, umepiga magoti sakafuni, soksi unazisokomeza ndani ya viatu, sabuni unaifunga kwenye nailoni mbili ili isinukishe unga. "Cha usiku wa kwanza kikae juu," ulikuwa unasema. "Mgeni hapekui begi mbele za watu." Mimi nimeweka ndala chini kabisa, na mswaki sijui uko wapi mpaka sasa.

Mama naye ana orodha yake ya vitu vya lazima. Unga wa uwele, mlenda mkavu uliosagwa, mwiko, kisufuria, kanga mbili, sindano na uzi, na mche mzima wa sabuni ya kufulia, utadhani Wajerumani hawafui. Kwenye asali tuligombana. Nilimwambia ikimwagika humo nitafika nikiwa na nguo za nyuki, akaninunia mpaka jioni. Hajambo, Baba. Anakula vizuri. Ila akipika ugali bado anapika wa watu watatu.

Sasa nikuambie jambo lililonifanya nishike kalamu. Koti lako nililichukua mimi.

Lile la rangi ya udongo, la mifuko minne, ulilokuwa unavaa mnadani upepo ukivuma. Siku ya kugawa nguo zako wazee walisema koti ni la Baba Mdogo, maana ndiye mdogo wako pekee uliyemwacha, na ndivyo ilivyo kwetu. Nilikuwa jikoni nikiwasikia. Koti lilikuwa tayari kwenye begi langu tangu asubuhi ya mazishi, nimeliviringisha ndani ya shuka. Lilikuwa linanuka wewe, na vumbi la alizeti. Nilijiambia nalichukua kwa sababu kule kuna baridi. Uongo mtupu. Sikutaka tu mtu mwingine alivae.

Walilitafuta sana. Baba Mdogo alikagua hadi uvungu wa kitanda chako. Mwishowe macho ya watu yakamwangukia Mzee Yusufu, mliyekuwa mkipima naye alizeti kwenye mizani ya kule Mkiwa, kwa sababu siku ya msiba ndiye aliyetoa vitu chumbani kwako kupisha wageni. Hakuna aliyemtamkia. Baba Mdogo aliacha tu kumsalimia, na Mzee Yusufu akaacha kupita nyumbani kwetu. Na mimi, binti yako uliyekuwa unamsifia kwa watu kwamba hana mdomo mchafu wala mkono mrefu, nikanyamaza. Miezi saba, Baba.

Jumamosi nikapeleka begi Mkiwa kulipima. Ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu, na mizani ninayoiamini ni yenu. Mzee Yusufu alifurahi kuniona mpaka nikaona haya. Akalitundika begi kwenye ndoano kama gunia la alizeti. Wakulima waliokuwa wanasubiri zamu wakasogea, kila mmoja na ushauri wake. Mmoja, alipoona mpini wa mwiko umechomoza kwenye zipu, aliuliza kama huko Ulaya hawana miiko. Mzee Yusufu akasogeza uso kwenye mshale, akatangaza, "Ishirini na tatu kamili!" Wakanipigia makofi. Nikarudi nyumbani Issuna moyo mweupe, begi silifungui tena.

Kesho yake, natoka kanisani, akanipigia simu. Alikuwa anacheka kwa aibu. "Mwanangu, nisamehe. Nimekutolea kilo moja ya gunia." Mazoea, Baba. Anasema akiona mshale tu, anakata kilo moja ya uzito wa gunia tupu kabla hajafungua mdomo, kama ulivyomfundisha. Begi lilikuwa ishirini na nne. Kisha akasema, "Humo si kuna nguo nzito, koti au nini? Livae mwilini. Ndege haipimi mtu."

Mtu ananielekeza namna ya kusafirisha kitu anachosingiziwa yeye, na hajui kwamba kimo humo. Tena kulivaa nisingeweza, maana Baba Mdogo atakuja stendi kuniaga.

Ningeweza kutoa unga. Nakiri kwamba nililifikiria hilo, nimekaa sakafuni na vitu vyote vimenizunguka, unga mkono mmoja, koti mkono mwingine. Ningetoa unga, ningefunga zipu, na hakuna ambaye angejua. Lakini Mzee Yusufu alikuwa ameniita mwanangu. Nikashindwa.

Nilimpigia yeye kwanza. Nilisema haraka haraka, nikilia, sijui hata kama alielewa yote. Aliniambia nivute pumzi. Halafu akasema, "Umefanya vizuri kusema sasa. Wewe ungeondoka. Mimi ningebaki na doa."

Jana mchana nikamwomba anisindikize kwa Baba Mdogo, nikaseme mbele yao wote wawili. Tulimkuta uani anapepeta alizeti. Nikapiga magoti, nikaliweka koti mbele yake, nikasema kila kitu. Baba Mdogo hakuniangalia mimi. Alimwangalia Mzee Yusufu, akasimama, akampa mkono, akasema, "Shikamoo, kaka." Miezi saba alikuwa amemnyima hiyo.

Na nikuambie ukweli mmoja uliobaki. Nilikuwa na tumaini. Nilidhani sasa atasema, chukua tu mwanangu, huko kuna baridi. Nilishaanza kuandaa namna ya kukataa mara moja kabla ya kukubali.

Hakusema hivyo. Aliliokota, akalikung'uta, akalivaa. Jua la saa nane, akafunga vifungo vyote. Mikono ya koti iliishia mbali na viganja. Akajitazama. "Kumbe kaka alikuwa mfupi hivi," akasema. Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, kwa sauti, mtu mzima na mvi zake. Siku ya mazishi hakulia. Alikuwa anahangaika na turubai, na chakula, na wageni wa mbali. Mzee Yusufu akamshika bega. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni na koti hakulivua.

Siku zote hizi nilijua nimefiwa na baba. Kwamba yeye amefiwa na kaka, sikuwahi kukaa nikalifikiria.

Mama alikuwa ametufuata, akasimama kwenye mlango wa ua akituangalia. Tuliporudi nyumbani hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa mbali, Baba Mdogo alivyogeuka, alidhani ni wewe, kisha akaenda kuwasha moto.

Alhamisi Baba Mdogo na Mzee Yusufu watakuja stendi wote wawili, wamekubaliana wenyewe. Mama nimemwacha mikononi mwao, na Jumapili zote nitapiga simu, hilo nakuahidi. Nakuahidi pia kwamba wazee wa huko nitawaogesha na kuwalisha kama ambavyo ningekufanyia wewe, kama ungenipa nafasi ya kukuona ukizeeka.

Siku ya kwanza baridi ikinishika sana, Baba, nitatetemeka, nami sitalalamika. Nitajua koti lako liko Issuna, limevaliwa na mwenyewe.

Pumzika. Nami naenda.

Binti yako,
Neema